Mgeni wa Sehemu ya Kumi na Tatu

Mama huyu alikuwa mjane wa miaka sitini na saba, akikaa peke yake chumba na sebule kwenye ghorofa ya tatu, na kwa miaka arobaini na miwili watu wasiomjua kwa jina walikuwa wakimwita Kapteni.

Ukapteni wenyewe haukuwa wa jeshi wala wa meli. Ulikuwa wa televisheni. Ujanani alikuwa mpiga chapa katika kituo cha televisheni, msichana wa kukaa nyuma ya taipureta na karatasi za kaboni, akichapa hati za michezo ambayo wengine ndio walioicheza. Siku moja mwigizaji aliyekuwa acheze kapteni wa chombo cha anga akapata kazi nzuri zaidi kwingine, akaondoka bila kuaga. Mwongozaji akazunguka ofisi nzima jasho likimtoka, mpaka akamkuta msichana wa taipureta anawafokea wahudumu wawili waliomwagia chai hati zake. Akasimama mlangoni akamsikiliza hadi mwisho.

"Wewe," akamwambia, "maneno yote unayajua, si umeyachapa mwenyewe? Basi njoo uvae koti."

Hivyo ndivyo alivyoingia kwenye mchezo wa *Nje ya Anga*, sehemu kumi na tatu, kila Ijumaa jioni. Ulipokwisha akarudi kwenye taipureta yake, akaolewa, akahamia ofisi ya ardhi, akachapa hati za viwanja mpaka akastaafu. Hakuigiza tena. Lakini jina lilimganda.

Hadithi ilikuwa hivi. Chombo chenye watu sita kimepotea njia. Kwenye sayari iliyokufa wanaokota kiumbe mrefu asiyesema, wanamwita Mgeni. Mgeni anawatumikia sehemu baada ya sehemu, anabeba mizigo, anatengeneza mitambo. Kisha watu wawili chomboni wanaugua, na wenzao wanaanza kumtazama Mgeni kwa jicho la pembeni. Katika sehemu ya kumi na tatu Kapteni anamtuma nje akakaze mtambo, na akishatoka anamfungia mlango. Anawageukia wenzake na kusema: "Mlango ukifungwa umefungwa. Tuondoke." Chombo kinaondoka. Mwisho.

Mwaka ule kulikuwa na kipindupindu. Shule zilifungwa, watu walichemsha maji mpaka ya kunawa uso, na mtu akija kukutembelea ulimsalimia ukiwa dirishani. Basi watazamaji walipomwona mwanamke kijana anafanya jambo gumu bila kupepesa macho, walishangilia. Wanawake walimshika mikono kwenye foleni wakamwambia, "Umetuokoa, mama." Shule zilipofunguliwa, mwalimu mkuu mmoja aliwapa wasichana wake insha ya ujasiri, akamletea kituoni insha thelathini na moja zimefungwa kwa utepe.

Miaka kumi hivi baadaye mchezo ukarudi kwenye kanda za video, na safari hii watu walicheka. Waliona kwamba vitufe vya chombo ni vizibo vya soda. Waliona uzi unaoning'iniza sayari. Wachekeshaji wakamwigiza kapteni kwa sufuria kichwani. Kapteni mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu, maana vile vizibo alivikusanya yeye, kantini. Hakuona ubaya. Kucheka nako ni kukumbukwa.

Kwa hiyo akishuka kwenda kununua mkate hakuhitaji kutafuta mtu wa kuongea naye. "Kapteni, habari za angani?" angeuliza fundi viatu wa pale kwenye kona, naye angejibu, "Hewa bado ipo," wote wawili wacheke. Muuza matunda angemchagulia papai. Kondakta angemwachia kiti cha mbele. Tangu mumewe afariki, na binti yake wa pekee kuhamia ng'ambo na familia yake, yalikuwa hayo tu maongezi yake ya siku saba: salamu za Kapteni huko chini, na simu ya binti kila Jumapili saa kumi. Zaidi ya hapo ni redio na jokofu lenye kelele.

Kila Jumatano ya pili alikwenda kusukwa. Saluni ilikuwa chini ya jengo lao hilohilo, chumba chembamba chenye viti viwili, kioo kimoja kilichopasuka pembeni, na msusi kijana aliyekuwa na mikono mepesi na hedifoni nyekundu shingoni saa zote. Kapteni hakuwa mtu wa mitindo. "Nisuke ile mistari ya twende kilioni tu, mwanangu, nani ananitazama," ndiyo ilikuwa kauli yake, na msusi alizoea kumjibu, "Bibi, wanaotazama ni wengi, wewe ndiye huwaoni."

Jumatano moja msusi hakujibu kitu. Alivuta nywele kuliko kawaida.

"Taratibu, mwanangu, hicho ni kichwa si kamba ya mbuzi."

"Samahani." Akasuka mstari mmoja hadi kisogoni. Kisha: "Bibi, kumbe ni wewe?"

"Mimi nani tena?"

"Kapteni. Wa *Nje ya Anga*. Nasikia watu wanakuita hivyo, nikadhani labda marehemu babu alikuwa mwanajeshi. Si wameisafisha, wameiweka mtandaoni? Kila mtu anaiangalia. Jana nimemaliza ya mwisho."

Kapteni akajiweka sawa kwenye kiti kama mtu anayejiandaa kupewa zawadi. "Enhe! Umeionaje?"

Kitana kikasimama katikati ya kichwa.

"Ulimfungia, bibi."

"Alikuwa anawaletea ugonjwa."

"Nani kasema? Hakuna mahali panaposema. Mliogopa tu. Mtu kawabebea mizigo sehemu kumi na mbili, halafu mnamtoa nje mnamfungia. Na anakuita! Anakuita, bibi, na wewe unageuka unaenda zako."

"Haniiti. Mgeni hasemi mchezo mzima. Hati yote nimeichapa mimi, kila mahali pake pameandikwa 'kimya'. Naikumbuka mpaka kurasa."

"Anasema," msusi akasema. Akavua hedifoni shingoni, akamvisha juu ya nusu ya kichwa iliyosukwa na nusu iliyotimuka, akamwekea simu mkononi.

Kapteni akajiona ana miaka ishirini na mitano, koti la fedha, shingo kama ya twiga. Akaona mkono wake unabonyeza kizibo cha soda. Mlango ukajifunga, akajisikia mwenyewe anasema mlango ukifungwa umefungwa. Zamani, kwenye televisheni za spika moja ndogo, hapo palikuwa na muziki tu. Sasa, chini ya muziki, alisikia mtu anagonga. Mara tatu, si kwa nguvu. Kisha sauti ya kiume, ya mbali kama inayotoka ndani ya mto wa kulalia, ikasema: "Nisubiri."

Halafu chombo kikaondoka.

Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Nywele zilimsisimka, hata zile zilizokwisha kusukwa.

"Umeona?" akasema msusi. Macho yake yalikuwa mekundu. "Hapo ndipo kila mtu analia."

Kapteni aliomba amaliziwe tu kichwa.

Wiki zilizofuata alianza kuona mabadiliko mtaani. Fundi viatu alimsalimia kama zamani, lakini fundi viatu alikuwa rika lake na hakuwa na habari za mtandaoni. Vijana ndio waliogeuka. Wasichana wawili kituo cha basi walimtazama, wakanong'onezana, wakasogea mbali. Kijana mmoja akamrushia kwa sauti, "Kapteni, tusubiri na sisi!" na wenzake hawakucheka. Hilo ndilo lililomchoma, kwamba hawakucheka. Utani angeuweza. Mwanafunzi mmoja wa chuo alimsimamisha kwa adabu zote, shikamoo bibi, akamuuliza kama anajutia. Kapteni akamwambia mwanangu ule ulikuwa mchezo, nyuma ya ule mlango palikuwa na ukuta na ndoo ya rangi. Mwanafunzi akatikisa kichwa polepole, kama daktari anayemsikia mgonjwa akikataa ugonjwa wake.

Kapteni akaanza kununua mkate mapema, kabla vijana hawajaamka.

Kisha ikaja ile Jumapili. Binti alipiga saa kumi kama kawaida, wakaongea ya baridi na ya mafua. "Haya, nipe mjukuu wangu," akasema Kapteni. Mjukuu alikuwa na miaka minane, na kila Jumapili alikuja kwenye simu akitangaza, "Bibi Kapteni, tuko tayari kuruka!"

"Mama, leo hataki."

"Anaumwa?"

"Hapana. Nilikosea mimi. Nilimwonyesha ile *Nje ya Anga*, nikasema amwone bibi yake alivyokuwa mrembo. Tuliangalia yote, akafurahi sana. Ile ya mwisho akalia mpaka akatapika. Anasema hataki kuongea na wewe mpaka ukamfungulie."

"Mwambie ni mchezo."

"Nimemwambia, mama. Anasema anajua ni mchezo."

Simu ilipokatika, Kapteni alikaa na chai mpaka ikatanda utando. Mume angekuwepo angemcheka, angesema mtoto ni mtoto, kesho atasahau. Lakini mume hakuwepo, na yeye hakulala vizuri siku tatu, kwa ajili ya neno moja ambalo hakulichapa. Nani alilisema? Mwongozaji alikwisha kufa, na wenzake watano wa chomboni hakujua walikoishia. Aliyebaki wa kuulizwa alikuwa mmoja tu, yule aliyekuwa ndani ya vazi la Mgeni.

Huyo hakuwa mwigizaji. Alikuwa seremala wa kituo, aliyejenga chombo chote kwa plaiwudi na rangi ya fedha, na alivikwa uMgeni kwa sababu hapakuwa na mwingine mwenye urefu ule. Walimwita Mlingoti. Kapteni alijaribu kumkumbuka uso akashindwa. Alikumbuka tu vile vioo viwili vya tochi vilivyokuwa macho ya Mgeni.

Akapiga moyo konde, akapanda basi asubuhi kwenda upande wa pili wa mji, mtaa wanakochonga vitanda na kabati. Alipita banda kwa banda, vumbi la mbao likimkaa kwenye kope, akiuliza. Watu walitikisa vichwa. Banda la tisa au la kumi, mzee mmoja aliyekuwa anapaka vanishi alicheka: "Mlingoti? Yule kiziwi wa ngazi? Nenda mpaka mwisho wa njia, utaona ngazi zimeegemezwa ukutani kama mtu anataka kuvamia mbingu."

Na kweli zilikuwepo, tisa au kumi. Mwanamke wa makamo aliyekuwa anaanika nguo alimkaribisha. Alikuwa mpwa wa Mlingoti. "Mjomba yuko nyuma. Hasikii kitu, mama, mashine za kupasulia mbao zilimla masikio miaka mingi. Kuongea anaongea. Wewe umwandikie."

Mlingoti alikuwa ameinama juu ya benchi, randa mkononi. Alipoinuka Kapteni alishangaa jinsi alivyoendelea kuinuka. Mgongo ulikuwa umepinda kidogo, lakini urefu ulikuwa uleule. Alimtazama mgeni wake kwa muda, uso mzima ukafunguka.

"Kapteni!" akapiga kelele, kwa sauti ya mtu asiyejisikia. "Umekonda!"

Hilo halikuwa kweli hata kidogo, na wote wawili walijua, wakacheka. Akampa kigoda, akamsogezea ubao uliochongwa laini na penseli nene ya useremala. Kapteni akaandika: *Mtu mrefu hivi, ngazi za nini?*

"Wafupi ndio wengi. Biashara iko kwao."

Akachukua randa, akapitisha mara mbili, maneno yakajikunja yakadondoka miguuni. Ubao ukawa mweupe tena.

Kapteni hakujua aanze wapi, kwa hiyo akaanzia katikati. *Siku ya mwisho ya mchezo, nyuma ya mlango, ulisema "nisubiri"?*

Mlingoti alisoma, akakuna kidevu. "Nilisema. Wewe ulisikia?"

*Nimesikia mwezi uliopita.*

Akaangua kicheko kikubwa, mpwa akachungulia kutoka kwenye kamba ya nguo. Kisha akasimulia, kelele zilezile, akionyesha kwa mikono.

"Lile vazi lilikuwa godoro la sponji, si unakumbuka? Zipu iko mgongoni. Mikono nayo imeshonewa ndani ya yale makucha. Mtu huwezi hata kujikuna. Yule dada wa mavazi aligombana na mwongozaji akaacha kazi, ikabaki wiki moja ya mwisho. Basi nani alikuwa ananifungua zipu wiki ile?"

Kapteni akaweka penseli chini. Hakuhitaji kuambiwa.

"Wewe," akasema Mlingoti. "Kila jioni. Ulikuwa unasema, 'Haya Mgeni, geuka nikuchune.' Sasa siku ile, umefunga mlango, nikasikia mwongozaji anapiga makofi, watu wanashangilia, imekwisha! Nikajua mnatawanyika. Nikagonga. Nikasema nisubiri. Nilikuwa nakuambia wewe, si kapteni. Kipaza sauti nadhani kilikuwa hakijazimwa."

Kapteni alikumbuka. Alikumbuka kwa namna ambayo hakuwahi kukumbuka siku ile, kwa sababu kila alipoikumbuka alianzia getini. Getini palikuwa na kijana juu ya pikipiki nyekundu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, aliyekuja kumchukua ampeleke kwa wazazi wake kwa mara ya kwanza. Alivua koti la fedha huku anakimbia. Ndiyo ilikuwa siku nzuri kuliko zote alizowahi kuwa nazo, na aliisimulia mara mia, na kila mara ilianza na pikipiki.

Akaandika: *Ulitokaje?*

"Mfagiaji. Alikuja baadaye, giza limeshaanza, akaona dude limekaa kwenye ndoo ya rangi, akapiga mayowe! Akanipasua kwa mkasi. Vazi likawa limekwisha. Mwongozaji alinikata mshahara." Akacheka tena, lakini kidogo. Akachukua randa, akaitazama makali, hakuipitisha. "Joto nilivumilia. Unajua kilichonikera? Mlikuwa na soda uani. Za kuagana. Nilikuwa nawasikia mnacheka, mnaitana majina, na nikawa najisemea, sasa hivi mmoja atauliza, Mlingoti yuko wapi? Nikangoja lile swali. Nikisikia mtu ananyamaza nasema, ee, huyo ndiye anauliza. Halafu anacheka."

Mtaani mashine ya kupasulia mbao iliwaka, Kapteni akashtuka, Mlingoti hata hakugeuka.

*Ulikasirika?*

"Siku mbili. Ya tatu nikapata kazi ya kiwandani."

Kapteni alitoa simu mkobani, simu ambayo msusi alikuwa amemwekea mchezo ndani, akamwekea Mlingoti kile kipande. Akamsogezea sikioni, akakumbuka, akairudisha mbele ya macho. Mlingoti aliishika kwa vidole vyenye gundi, akaisogeza mbali, kisha karibu. Alitazama koti la fedha, kizibo cha soda, mlango unajifunga. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa mahali pale ambapo maelfu ya watu walikuwa wanalia.

"Hapo ndipo nasema?"

Kapteni akaitikia kwa kichwa.

"Sauti yangu inasikikaje?"

Akafikiri sana kabla ya kuandika. *Ya upole.*

Mlingoti aliusoma ubao, akarudi kwenye simu. "Huu mlango niliujenga mimi kwa siku moja. Bawaba zilikuwa za dirisha la choo. Tazama unavyofunga vizuri." Akautazama mara ya pili na ya tatu.

*Watu wanaoangalia wanalia,* aliandika Kapteni. *Vijana. Wengi. Wanakulilia wewe.*

"Mimi?" Akamtazama kuona kama anataniwa. "Sasa hivi ndiyo wanalia?" Akairudisha simu, akafuta kioo chake kwanza kwa mkono wa shati. Alimwonyesha ngazi aliyokuwa anaimalizia, akamwonyesha pale pagumu, jinsi kila daraja linavyoingia kwenye mti wake bila msumari.

Wakati wa kuaga Kapteni alichukua penseli. Alitaka kuandika mengi, akaandika *Nisamehe*, neno moja tu. Mlingoti akalisoma. Halafu akachukua ule ubao, akauegemeza ukutani nyuma ya benchi bila kuupitisha randa, akasema mpwa amsindikize mpaka kituoni maana mbwa wa jirani ni mkorofi.

Jumatano iliyofuata Kapteni alimsimulia msusi kila kitu, zipu, pikipiki, soda. Msusi aliacha kusuka, akamwomba arudie mbele ya simu. Kapteni akasita, mwishowe akakubali, maana alidhani watu wakijua watatulia. Video ikaenda. Ndani ya siku mbili watu walikuwa wamegawanyika makundi. Wapo waliosema bibi anajisafisha, hadithi ya zipu katunga. Wapo waliokasirika kwamba kilio chao kimefanywa cha godoro, afadhali asingesema. Wapo waliosema kumbe kapteni wa kweli ni katili kuliko wa mchezo. Na mmoja, kwa maneno yake mtu mzima, akauliza vijana mnataka nini, mwaka ule sisi tulizika watoto, mlango ulifungwa na tukashukuru Mungu. Huyo naye alitukanwa. Msusi alimsomea yote huku anapaka mafuta, mengine akiyaruka, na Kapteni alijua anayaruka kwa jinsi kidole kilivyokuwa kinapanda kioo.

"Wewe unasemaje?" Kapteni akamuuliza.

Msusi akafikiri. "Mimi nikiiangalia bado nalia, bibi. Najua ni zipu na bado nalia. Ila sasa sijui namlilia nani."

Jumapili saa kumi simu iliita. Ya baridi, ya mafua. Kapteni hakuomba apewe mtoto. Alisema, "Niweke kwenye spika, umwambie asiseme lolote, asikilize tu." Akasikia viti vinasogezwa, kisha pumzi ndogo karibu na simu.

"Mjukuu wangu," akasema. "Mama yako alikwambia ni mchezo. Nami nilisema hivyo. Lakini yule mtu alikuwa ndani kweli, na mimi nilimwacha kweli. Aliniita, sikusikia, kwa sababu nilikuwa na furaha zangu. Nilikwenda kumtafuta. Ni mzee, mrefu mno, hasikii. Anatengeneza ngazi. Nimemwomba msamaha."

Pumzi ikaendelea. Nyuma yake, mbali, palikuwa na katuni zinazoongea lugha ambayo Kapteni hakuielewa.

"Alisemaje?" mtoto akauliza.

"Hakusema kitu. Aliuegemeza ule ubao ukutani."

"Kwa nini?"

"Sijui, mjukuu wangu."

Mtoto alilifikiria hilo kwa uzito wa miaka minane. "Utarudi kumuuliza?"

"Ukitaka nitarudi."

"Sawa," akasema mtoto. Hakusema Bibi Kapteni, wala hakutangaza kwamba wako tayari kuruka. Zikasikika nyayo zake zinaondoka kuelekea kwenye katuni, nyepesi, za mtu mwenye shughuli nyingine.

"Mama, upo?" binti akauliza.

"Nipo."

"Wiki ijayo basi."

"Haya, mwanangu. Wiki ijayo."

Alikaa kidogo na simu mapajani. Ilikuwa bado saa kumi na nusu, jua kali dirishani, na huko chini msusi alikuwa anaimba wimbo nusu nusu, aliokuwa anausikia peke yake masikioni. Kapteni akainuka kwenda kutafuta daftari na kalamu yenye wino mzito, kitu ambacho Mlingoti angeweza kusoma bila miwani.